Ekari 76 kando ya bwawa la Tellico: jinsi muswada wa kuwarudishia Wacherokee ardhi ulivyosukwa, na kwa nini ulikawia

Ardhi yenyewe haifiki ekari 77. Ipo katika kaunti ya Monroe, mashariki mwa jimbo la Tennessee, ukingoni mwa bwawa la Tellico, karibu na mji mdogo wa Vonore. Hakuna mkazi wa kuhamishwa wala mgodi wa kugombaniwa, na kwenye daftari la ardhi mwenye mali aliandikwa serikali ya Marekani yenyewe. Pamoja na wepesi wote huo, muswada wa kuirudisha kwa Wacherokee wa Mashariki, taifa la wenyeji wa asili wa Marekani, ulizungushwa bungeni mwaka baada ya mwaka. Katika Bunge la 115, lililoanza 2017, ulikuwa muswada namba 146 wa Baraza la Wawakilishi. Bunge la 116 likaupa namba 453, la 117 namba 2088, la 118 namba 548, na Januari 2025, Bunge la 119 lilipoanza, ukarudi kwa namba 226. Aliyeubeba ni mbunge Chuck Fleischmann wa Tennessee, wa chama cha Republican.

Watu wakisikia "kurudishiwa ardhi" hufikiria mvutano kati ya wenyeji na walowezi. Hapa mvutano wa namna hiyo haukuwepo. Kilichochelewesha ni aina ya haki iliyotakiwa, pamoja na mlango mwembamba ambao haki hiyo hupitia. Anayetaka kuelewa kwa nini ardhi hurudi polepole kuliko inavyochukuliwa atajifunza mengi kwa kuusoma muswada huu kifungu kwa kifungu.

Bonde lililopotea mara mbili

Mto Little Tennessee ulipita katikati ya miji ya Wacherokee wa ng'ambo ya milima: Chota, Tanasi, Toqua, Tomotley, Citico, Tuskegee na mingine. Jina la jimbo la Tennessee limetoka kwa Tanasi. Chota ilikuwa mji mkuu wa Wacherokee katikati ya karne ya 18. Tuskegee ndiko alikozaliwa Sequoyah, mtu aliyeitengenezea lugha yake mfumo wa kuandika kwa alama za silabi na kuukamilisha 1821.

Mara ya kwanza bonde lilipotea kwa kalamu. Mkataba wa 1819, ambao kwa upande wa Marekani ulisimamiwa na Waziri wa Vita John C. Calhoun, uliikabidhi Marekani eneo hili lote. Ukafuata Mkataba wa New Echota wa 1835, kisha uhamisho wa nguvu wa 1838 na 1839 unaojulikana kama Njia ya Machozi. Wacherokee wapatao 16,000 walisukumwa kuelekea magharibi, na makadirio yanayotajwa zaidi ni kwamba takriban 4,000 walifariki. Wachache walibaki katika milima ya North Carolina. Hao ndio wazazi wa Wacherokee wa Mashariki wa leo, wenye makao yao Qualla Boundary, eneo la ekari zipatazo 57,000 upande wa pili wa milima ya Great Smoky. Wao ni mojawapo ya mataifa matatu ya Wacherokee yanayotambuliwa na serikali ya Marekani. Mengine mawili yako Oklahoma.

Mara ya pili bonde lilipotea kwa maji. Mamlaka ya Bonde la Tennessee, shirika la umeme la serikali linalojulikana zaidi kwa herufi TVA, lilianza kujenga bwawa la Tellico 1967. Lilichukua takriban ekari 38,000, likahamisha familia zaidi ya 300 za wakulima, na maji yenyewe yakaja kufunika ekari kama 16,000. Kabla ya mafuriko, wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Tennessee walichimba katika miji ya kale. Mwaka 1969 waliuchimbua Chota mwili wa Oconostota, kiongozi wa vita wa karne ya 18, na miwani yake ya kusomea ikiwa kaburini pamoja naye.

Sehemu inayojulikana zaidi duniani ni ile ya samaki. Mwaka 1973 David Etnier, mtaalamu wa viumbe wa majini, alimgundua samaki mdogo wa mtoni aitwaye snail darter. Mwaka huo huo Bunge likapitisha Sheria ya Spishi Zilizo Hatarini. Mwaka 1978 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba sheria hiyo inazuia bwawa kukamilishwa hata kama ujenzi umefika mwishoni. Kamati maalumu iliyoundwa na Bunge ili iweze kutoa msamaha ilikutana Januari 1979 na kukataa kwa kauli moja. Iliona mradi wenyewe hauna faida ya kutosha kiuchumi. Kwa hali ya kawaida, suala lingeishia hapo.

Halikuishia. Mwezi Juni 1979 mbunge John Duncan wa Tennessee alipachika kifungu kwenye muswada wa matumizi ya nishati na maji, chini ya dakika moja, bila kusomwa kwa sauti wala kujadiliwa. Kifungu hicho kiliruhusu bwawa likamilishwe bila kujali sheria nyingine yoyote. Rais Carter alisaini Septemba 1979. Wacherokee wa Mashariki, pamoja na Wacherokee wengine, walikimbilia mahakamani wakidai uhuru wao wa dini: makaburi ya wazee wao, dawa zao na mahali patakatifu vingezama. Mahakama ya wilaya ikatupa kesi, na milango ya bwawa ikafungwa Novemba 29, 1979. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ya mzunguko wa sita ilikubali kwamba kutomiliki ardhi peke yake hakuwanyimi haki ya kudai. Hata hivyo ikasema hawajathibitisha kuwa bonde lile ndilo kiini cha dini yao.

Mpangilio huo una uzito. Samaki alikuwa na sheria yenye meno, na ilibidi Bunge litunge kifungu maalumu kuishinda. Wacherokee walikuwa na Sheria ya Uhuru wa Dini ya Wahindi wa Marekani (yaani wenyeji wa asili) ya 1978, ambayo ilitamka sera nzuri lakini haikumpa hakimu kitu cha kushika. Asiye na hatimiliki alibaki kuieleza dini yake kwa hakimu ili apewe kibali cha kuwa karibu na wafu wake. Ndiyo maana muswada wa ekari 76 haugusi dini kabisa. Unagusa hatimiliki.

Kuna jambo jingine linaloumiza. Ardhi kavu iliyobaki baada ya bwawa kujaa haikuwa ndogo. Mwaka 1982 TVA ilikabidhi ekari zipatazo 11,000 kwa wakala wa maendeleo wa eneo hilo, na sehemu yake ikawa Tellico Village, mji wa wastaafu wenye viwanja vya gofu. Ardhi iliyochukuliwa kwa hoja ya manufaa ya umma ilipata wanunuzi binafsi ndani ya miaka michache. Waliokuwa wenye miji ya kale walisubiri Bunge.

Kwa nini lazima Bunge

TVA ina uwezo wa kukodisha, kuuza na kutoa haki za matumizi kwenye ardhi inayoisimamia. Makumbusho ya Sequoyah, mali ya Wacherokee wa Mashariki, yalifunguliwa 1986 kwenye ardhi iliyokuwa chini ya shirika hilo. Pale kuna kichuguu walimozikwa upya watu 191 waliofukuliwa wakati wa uchimbaji. Kwa hiyo kuwapo pale kuliwezekana. Kilichokosekana ni udhamini.

Ardhi iliyo chini ya udhamini hubaki kwa jina la serikali ya Marekani, lakini matumizi na manufaa yote ni ya taifa la wenyeji. Haitozwi kodi na kaunti, haiwezi kuuzwa au kukamatwa na mdai bila ridhaa ya serikali kuu, na kwa mambo mengi sheria za jimbo hazifiki hapo. Haki ya matumizi inayotolewa na shirika la umeme ni mkataba, na mkataba unaweza kubadilishwa, kuisha au kubishaniwa. Udhamini ni hadhi ya ardhi yenyewe.

Ipo njia ya kiutawala ya kupata udhamini. Taifa linanunua ardhi, linaomba Wizara ya Mambo ya Ndani iipokee, wizara inapima ombi chini ya kanuni za Sehemu ya 151. Kwa Tellico njia hiyo ni ngumu mara tatu. Kwanza taifa lingelazimika kununua ardhi ambayo tayari ni ya Marekani, ili kisha liirudishe kwa Marekani kama mdhamini. Pili, ardhi iko nje ya hifadhi ya taifa hilo, yaani Qualla Boundary, na katika jimbo jingine, na kwa kanuni zilizotumika hadi mwanzoni mwa 2024, kadiri ardhi ilivyokuwa mbali na hifadhi ndivyo maoni ya jimbo na kaunti yalivyopewa uzito zaidi. Tatu, tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya 2009 katika kesi ya Carcieri, mtu yeyote anayepinga anaweza kulifungulia taifa kesi akidai halikuwa chini ya mamlaka ya serikali kuu mwaka 1934. Hata taifa lenye majibu mazuri hupoteza miaka likijibu. Sheria ya Bunge inayoitaja ardhi kwa jina na taifa kwa jina inaruka vikwazo vyote vitatu.

Ndani ya muswada

Ekari 76.1 zimegawanywa mafungu matatu. Makumbusho ya Sequoyah yana ekari 46. Ardhi ya huduma za makumbusho ni ekari 11.9. Kumbukumbu za Chota na Tanasi zina ekari 18.2, pamoja na maegesho na njia za kuingilia. Fungu la Chota limeelezwa kwa namna ya kipekee: kumbukumbu yenyewe na ardhi yote iliyo ndani ya duara lenye nusukipenyo cha futi 86 kutoka katikati yake, yaani mita 26 hivi.

Duara hilo ni pale ilipokuwa nyumba ya mikutano ya Chota. Kabla ya maji kupanda, mahali hapo palijazwa udongo na kuinuliwa. Juu yake zimesimama nguzo nane, saba za koo saba za Wacherokee na moja ya taifa zima. Oconostota alizikwa upya hapo 1987. Tanasi haikuinuliwa. Jiwe la kumbukumbu lililowekwa ufukweni linaeleza kwamba mji wenyewe uko chini ya maji, takriban yadi 300 upande wa magharibi.

Mbali na ekari hizo, muswada unaweka haki za kudumu za matumizi, nazo zikiwa chini ya udhamini, kwenye vipande viwili vya chini zaidi: rasi ya Chota, ekari 8.5, na njia ya miguu ya Chota–Tanasi, ekari 11.4. Hapa ndipo msomaji wa haraka hupotea. Mstari unaotenganisha aina hizi mbili za haki ni kontua (mstari wa kimo kimoja) ya futi 820 kutoka usawa wa bahari. Ardhi iliyo kwenye mstari huo au juu yake ndiyo inayorudi. Chini yake, taifa linapata haki ya kutumia tu, kwa sababu TVA bado inaendesha bwawa.

TVA inabaki na haki ya kupandisha na kushusha maji, kufunika kwa kudumu ardhi ya jirani iliyo chini ya futi 813, na kuifurikisha kwa muda, pale inapobidi, ile iliyo chini ya futi 824. Linganisha namba hizo: ardhi inayorudishwa inaanzia 820, mafuriko ya muda yanaruhusiwa mpaka 824. Kwa hiyo kuna ukanda wa futi nne za kimo ambao shughuli za bwawa zinaweza kuugusa, na anayepanga kujenga choo, ukumbi au gati lazima aanze kwa kuutafuta ukanda huo ardhini. Ujenzi unaoingia kwenye mfumo wa mto unahitaji kibali cha TVA chini ya kifungu cha 26a cha sheria iliyoiunda, iwe ardhi ni ya udhamini au la. Atakayeuona udhamini kama ruhusa ya kujenga popote ataumbuka mapema.

Matumizi nayo yamefungwa. Ardhi ni kwa ajili ya kuhifadhi na kueleza historia na utamaduni, na kwa mapumziko: kuendesha makumbusho, kumbukumbu za Chota na Tanasi kama miji mikuu ya zamani, kueleza Njia ya Machozi, na kuzika upya mabaki ya wafu wa Wacherokee, yakiwemo yale ambayo TVA inapaswa kuyarudisha chini ya sheria ya 1990 ya makaburi ya wenyeji. Majengo ya kusaidia kazi hizo, kama madarasa na maegesho, yanaruhusiwa.

Halafu kuna kamari. Wacherokee wa Mashariki wana kasino mbili North Carolina, iliyofunguliwa Cherokee 1997 na ya Murphy ya 2015. Sheria ya kamari ya 1988 tayari inazuia kasino kwenye ardhi iliyopatikana baada ya Oktoba 17 mwaka huo, lakini ina mianya. Muswada unaiziba yote kwa sentensi moja: kamari ya daraja la II (kama bingo) na la III (ya kasino) hairuhusiwi kwenye ardhi hii. Kwa mtazamo wetu huu ndio uamuzi wa busara zaidi kisiasa katika maandishi yote. Inasikitisha kwamba taifa linalodai makaburi linalazimika kwanza kuapa kwamba halitaki mashine za kamari, lakini bila sentensi hiyo kila kikao cha kamati kingegeuka mjadala wa kasino.

Neno moja linastahili kuangaliwa kwa karibu. Muswada hausemi "Waziri ataichukua ardhi hii katika udhamini". Unatamka kwamba ardhi *imewekwa* katika udhamini. Miswada inayotumia kauli ya kwanza huanzisha safari mpya wizarani: tathmini, barua, miezi inayogeuka miaka. Kauli ya pili inafanya kazi siku Rais anapotia saini. Wanaoandaa miswada ya namna hii popote Marekani wangefanya vyema kuinakili.

Safari ya bungeni inavyokwama

Katika Baraza la Wawakilishi muswada hupelekwa Kamati ya Maliasili, ukasikilizwa, ukapigiwa kura, kisha ukaletwa ukumbini kwa utaratibu wa kusimamisha kanuni. Mjadala wake una kikomo cha dakika 40, marekebisho hayaruhusiwi, na theluthi mbili ya kura inahitajika. Utaratibu huo umetengenezwa kwa miswada isiyo na ugomvi, na huu umepita hapo zaidi ya mara moja.

Seneti ni habari nyingine. Muswada unaenda Kamati ya Masuala ya Wahindi, na kamati ikishautoa, unahitaji muda wa ukumbi, ambao haupo kwa ekari 76. Njia halisi ni ridhaa ya wote: ofisi zote za maseneta zinaulizwa, na kama hakuna anayepinga unapita bila kura. Seneta mmoja akiweka kizuizi, kwa sababu inayouhusu muswada au kwa sababu ya jambo lingine kabisa analolitaka, unakaa. Bunge la miaka miwili likimalizika, muswada ambao haujapita pande zote mbili unakufa pamoja na ushahidi wote uliosikilizwa, na unaanza upya na namba mpya. Ndivyo ilivyokuwa kwa namba 548 Bunge la 118 lilipofunga Januari 2025.

Taifa hilo hilo linaijua njia ya mkato. Lilipohitaji kiwanja cha shule kando ya hifadhi ya Great Smoky Mountains, lilibadilishana na Huduma ya Hifadhi za Taifa: likatoa ekari 218 karibu na barabara ya Blue Ridge Parkway na kupokea ekari 143 za Ravensford. Kibali chake hakikuja kwa muswada unaojitegemea. Kiliwekwa kama kifungu cha 138 cha sheria ya matumizi ya Wizara ya Mambo ya Ndani, iliyosainiwa Novemba 2003. Bajeti lazima ipite, na kilichopanda juu yake hupita nayo. Ni gari lile lile lililobeba bwawa la Tellico 1979.

Tunaamini muswada safi, uliosomwa na kusikilizwa, ni heshima inayostahili bonde hili baada ya yale yaliyotokea kwa chini ya dakika moja. Lakini heshima hiyo ina gharama ya miaka, na wanaoilipa ni Wacherokee, si Bunge. Kama kiongozi wa taifa akiomba kifungu kipachikwe kwenye bajeti, hatuoni wa kumlaumu.

Baada ya saini

Kazi inayofuata saini ni ya wapimaji na makarani. Mipaka inapimwa, nyaraka zinasajiliwa kwenye ofisi ya kumbukumbu za ardhi ya Idara ya Masuala ya Wahindi, na haki za watu wengine zilizokwisha kusajiliwa, kama barabara, nyaya na mabomba, zinaorodheshwa kwa sababu muswada unaziacha kama zilivyo. Kaunti ya Monroe haipotezi kodi ya ardhi, maana ardhi ya serikali kuu haikuwa ikilipa. Kinachohitaji makubaliano ya mapema ni polisi na zimamoto: nani anaitikia simu usiku kwenye maegesho ya Chota, kilomita nyingi za milima kutoka makao ya taifa.

Hatari ya kitaalamu iko kwenye futi 820. Muswada unataja kimo kwa mfumo wa zamani wa usawa wa bahari, ule wa marekebisho ya kusini-mashariki ya 1936 unaotegemea kipimo cha 1929, kwa sababu ndio ambao ramani za TVA zilichorwa nao. Vifaa vya leo vya setilaiti hutoa kimo kwa mfumo wa 1988. Tofauti ni ndogo kwa wima, lakini ufukwe wa Tellico una miteremko ya pole, na sehemu ya futi kwa wima inaweza kuusogeza mpaka hatua kadhaa kwa ulalo. Mpimaji asipobadilisha vipimo kabla ya kusimika mawe, sehemu ya njia ya Chota–Tanasi itajikuta upande usio wake, na ugomvi wa kwanza kati ya taifa na TVA utakuwa juu ya kipande chenye upana wa kitanda.